Kifungu cha Saa Tatu na Dakika Kumi

Jumatatu, 6 Mei

Limetoka. Shirika letu na shirika la Jeti yanaungana. Tangazo limebandikwa chumba cha marubani, juu ya lile tangazo la kikombe kilichopotea. Sisi ni watu wa ndege za pangaboi, kumi na mbili, kelele nyingi, mwendo wa adabu. Wao wana jeti na wanatembea kwa mwendo wa watu wanaopigwa picha. Tangu sasa ni familia moja, tangazo linasema. Familia moja, orodha moja.

Hapo kwenye orodha nikaacha kumeza chai. Kwa asiyejua (ingawa atakayesoma humu ni mke wangu tu, siku nikisahau kufunga droo): kwetu marubani kila kitu kinakwenda kwa orodha ya ukongwe. Aliyeanza kazi mapema yuko juu. Wa juu anachagua likizo kwanza, anachagua safari kwanza, na zamu yake ikifika anahamia kiti cha kushoto. Kiti cha kushoto ni cha kapteni. Mimi nimekaa cha kulia miaka kumi na moja.

Narusha. Natua, tena vizuri, abiria wamewahi kupiga makofi mara mbili. Lakini usukani mdogo wa kuiongoza ndege ikiwa chini uko upande wa kushoto peke yake. Kwa hiyo sijawahi kuiegesha ndege hata siku moja. Nikishatua, mwenzangu ananipeleka mpaka mlangoni kama mtoto aliyelala garini.

Nakitaka kile kiti. Sioni haya kuandika. Wote walio juu yangu ni makapteni tayari, na mwaka huu nafasi ni moja. Ilikuwa yangu. Sasa wamekuja wageni sitini.

Jumanne, 7 Mei

Mkutano. Kamati imeundwa: watatu wetu, watatu wao, na katikati mwamuzi, jaji mstaafu. Mama wa makamo, mpole, anakunywa maji ya moto matupu. Amekiri hajawahi kupanda ndege na hana mpango. Tayari namheshimu na namwogopa.

Mapendekezo ni mawili. La kwanza ni kusuka: mmoja wetu, mmoja wao, mmoja wetu, mmoja wao, kama nywele. La pili ni tarehe: kila mtu apangwe kwa siku aliyoanza kazi, basi. Nikapiga hesabu nyuma ya kadi ya usalama. Wakisuka, rubani mmoja wa Jeti ananipita. Wakienda kwa tarehe, Jeti wengi ni wa juzi juzi tu. Tarehe ndiyo haki! Nimeiona haki kwa macho yangu.

Nikamfuata Mwenyekiti wetu. Ni kapteni, mtu mzito, ndiye anatusemea kamatini, na hapendi kusoma chochote kinachozidi nusu ukurasa. Nikamwandikia hoja ya tarehe, nusu ukurasa kasoro mstari. Akaisoma akiwa amesimama. Akasema imekaa vizuri.

Alhamisi, 9 Mei

Tarehe imepita. Kura tano kwa moja. Nikarudi nyumbani nikipiga mluzi.

Nikamweleza mke wangu. Akaendelea kukunja nguo. Halafu akauliza, kwa sauti ile ya mtu anayejua jibu, kama nakumbuka mdogo wake alianza lini kazi Jeti.

Mdogo wake huyo wa kike ni Shemeji. Rubani msaidizi kama mimi, ila wa Jeti. Nikasema sikumbuki. Mke wangu akasema tulianza siku moja, tarehe tatu Machi, na kwamba familia ilitufanyia sherehe moja sisi wawili. Nikabisha. Sherehe ile ilikuwa yangu. Akaleta albamu. Kweli, keki ina ndege mbili. Miaka kumi na moja nilidhani ya pili ni pambo.

Nikapekua orodha yao. Juu ya Shemeji wote ni makapteni. Nafasi ni moja, tarehe ni moja, watu ni wawili, na mmoja kila Jumapili anakula kwangu.

Ijumaa, 10 Mei

Afadhali ningelala tu. Rasimu ya kanuni imesema hivi: wakilingana tarehe, mwenye umri mkubwa atangulie.

Mtu mwingine angefurahi. Mimi nimemzidi Shemeji miaka miwili kamili. Tatizo ni karatasi. Nilipoomba chuo cha urubani nilikuwa nimepitiliza umri kidogo, nikajipunguza mitatu. Kila mtu alikuwa anajipunguza. Kwa hiyo kwa karatasi Shemeji ni dada yangu mkubwa, kanizidi mwaka mzima. Siwezi kusema ukweli bila kusema pia kwamba niliwahi kudanganya.

Mke wangu akanikumbusha kwamba tulisherehekea miaka yangu arobaini, ile ya kweli, mwaka jana, na Mwenyekiti alikuwepo, na alikula. Nikamwomba tusiongelee sherehe tena katika nyumba hii.

Nimewaza mchana kutwa. Umri lazima utoke. Kitu kingine kiingie. Kitu safi.

Jumapili, 12 Mei

Nimekipata: saa. Barua za kuajiriwa, zao na zetu, zinaandikwa saa ya kutia saini kwa sababu bima huanza kuhesabu hapo hapo. Wakilingana tarehe, aliyetia saini mapema siku hiyo atangulie. Nani atapinga? Inanukia haki kutoka mbali.

Shemeji alikuja kula. Mtu wa vicheko, hana habari, akaniomba chumvi kana kwamba hakuna vita. Nikampa. Nilimwangalia anavyotafuna, nikajaribu kukadiria alitia saini saa ngapi.

Jikoni mke wangu akasema si nimuulize tu. Yupo pale, ana mdomo. Nikamweleza kwamba adui haulizwi. Akasema huyo si adui, ni mdogo wake, na anashindania kilekile ninachoshindania mimi. Nikasema hiyo ndiyo maana ya adui. Akanikabidhi vyombo nioshe.

Jumatatu, 13 Mei

Asubuhi Mwenyekiti amepokea hoja ya saa. Robo ukurasa. Ameipenda hata kabla ya kuisoma.

Mchana nikamtafuta Redio. Redio ni mhudumu wetu wa ndani ya ndege, ana rafiki katika kila shirika, na habari zake hazijawahi kuchelewa. Nikauliza kwa mbali, kama mtu anayepitisha muda, zamani Jeti walikuwa wanaajirije. Akasema ofisi yao inafunguliwa saa mbili kamili asubuhi, na mgeni anatia saini kabla hajavuta kiti.

Saa mbili! Mimi nakumbuka nilichelewa siku ile. Nilipotea, nikaingia ofisi ya mizigo, nikakaa humo nikisubiri kuajiriwa.

Nimefika nyumbani nimepindua kabati zima. Barua ilikuwa chini kabisa, kwenye sanduku la viatu vya harusi. Karani wetu wa enzi hizo ameandika kwa mkono wake mzuri: 3:10. Saa tatu na dakika kumi asubuhi. Shemeji kanipita kwa saa nzima na dakika kumi, na hoja ya saa nimeileta mimi mwenyewe.

Jumanne, 14 Mei

Nimeamka na akili mpya.

Nimeitazama tena ile barua. 3:10. Haina neno asubuhi. Haina neno lolote. Karani aliandika kwa saa yetu ya Kiswahili, kama mtu yeyote mwenye akili zake. Lakini sisi marubani kazini hatusomi hivyo. Kwenye saa ya rubani 3:10 ni alfajiri, hata mlinzi bado anakoroma. Na Jeti watu wa kisasa lazima wameandika 08:00. Tatu na nane, ipi ndogo? Hata mtoto wa chekechea anajua.

Hatari ni moja: mtu asimame aseme, jamani, ile tatu ni tatu ya asubuhi. Lazima midomo ifungwe mapema. Nikaandika kifungu. Nakinakili hapa kwa sababu ni kizuri: "Saa itasomwa kwa tarakimu zake kama zilivyoandikwa kwenye barua, na maelezo ya mdomo hayatapokelewa kutoka kwa mtu yeyote."

Kutoka kwa mtu yeyote. Nimelipenda hilo. Mwenyekiti akauliza linamaanisha nini. Nikasema linazuia maneno mengi. Akasema basi lingekuwepo tangu mwanzo.

Jumatano, 15 Mei

Kifungu kimepita bila kupingwa. Mama Jaji alikisoma mara mbili, akanywa maji yake, akauliza kama kila mmoja amekielewa na ana hakika anakitaka. Wote wakaitikia. Mimi nilikuwa nyuma, mtazamaji tu, lakini nilijikuta nimeitikia kwa sauti kuliko wote.

Bahasha za barua zinafunguliwa kesho mbele ya watu.

Nimepitia uwanjani wakati wa kutoka. Yule kijana mwenye vijiti viwili vya rangi alikuwa anaielekeza ndege mlangoni. Kushoto, kushoto kidogo, njoo, njoo, simama. Nikasimama kwenye uzio nikifuata kwa mikono. Siku si nyingi atakuwa ananielekeza mimi.

Alhamisi, 16 Mei

Naandika kwa sababu nikinyamaza nitapasuka.

Ukumbi ulijaa. Karani wa utumishi akafungua bahasha yangu. Akasoma 3:10. Minong'ono. Nikaegemea kiti. Akafungua ya Shemeji. Akaitazama. Akaigeuza, akairudisha. Akasoma 1:30.

Moja na nusu.

Nikasimama kabla sijajua nimesimama. Shemeji naye akanyoosha mkono. Akapewa nafasi kwanza. Akasema kuna makosa. Akasema yeye siku ile hakuitwa asubuhi, aliitwa baada ya chakula, na karani wao aliandika saa ya kizungu: hiyo moja na nusu ni saa saba na nusu mchana. Anakumbuka kwa sababu karani alikuwa anakula huku anaandika, na doa la mafuta liko pale pembeni ya barua. Doa lipo. Tukaliona wote. Akasema shemeji yake, yaani mimi, alikuwa ameshatia saini asubuhi saa tatu, kwa hiyo haki ni ya shemeji.

Nilitaka kumkumbatia. Saa tatu asubuhi, saa saba mchana. Nilikuwa mbele! Nilikuwa mbele tangu mwanzo, bila kifungu, bila sanduku la viatu, bila chochote. Ningemuuliza tu siku ile ya chumvi.

Mama Jaji akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa upole kwamba yeye hana ruhusa ya kuyapokea hayo. Kanuni inasema tarakimu kama zilivyoandikwa. Moja na nusu inatangulia tatu na kumi. Maelezo ya mdomo hayapokelewi kutoka kwa mtu yeyote. Nikasema mimi si mtu yeyote, ndimi mwenye barua. Akauliza kifungu hiki kilitungwa na nani, pengine mtunzi ana nia nyingine aliyoikusudia. Mwenyekiti, ambaye hajawahi kukumbuka jina la mtu, akaninyooshea kidole.

Mama Jaji akaniuliza nilikusudia nini.

Nikakaa chini.

Jumamosi, 18 Mei

Siku mbili sijaongea na mtu. Mke wangu anasema nyumba imetulia.

Mchana Shemeji akaja na karatasi. Kaenda mwenyewe kwa Mama Jaji, kamuuliza kama hakuna mlango. Upo. Waliolingana tarehe wanaweza kukubaliana wenyewe nani atangulie, wakatia saini wote wawili, kanuni nyingine zikakaa pembeni. Ifikishwe Jumatatu asubuhi. Yeye ameshatia saini. Mstari mmoja tu: anakubali shemeji yake atangulie.

Nikamuuliza kwa nini. Akasema kwa sababu nilitangulia kweli. Akasema pia kwamba hawezi kukaa kiti cha kushoto akijua aliyestahili yuko nyumbani anaongea na friji. (Mke wangu anapeleka siri zote huko.) Nikaona macho yangu yanataka kunifedhehesha, nikajifanya natafuta kalamu.

Akaondoka. Nikaisoma karatasi mara nne. Hakuna mtego. Ndipo nikaanza kuogopa. Mtu anaachia kiti bure? Akiniachia kile, kesho kutwa ikija nafasi nyingine atasema sasa zamu yangu, shemeji, nilikuachia. Atanikumbusha kila Jumapili. Nitampa chumvi mpaka nizeeke.

Mke wangu akasema nitie saini. Nikasema natia. Akasema nitie sasa hivi, anione. Nikasema jambo la kisheria halifanyiwi jikoni.

Jumapili, 19 Mei

Nimetia saini. Nimeongeza maneno machache tu, kwa mwandiko mdogo, palipobaki nafasi baada ya "atangulie": "na vilevile katika likizo, zamu, ndege mpya, na orodha nyingine yoyote itakayotungwa, maisha."

Si tamaa. Ni kumalizia sentensi. Ilikuwa imeachwa wazi.

Shemeji hakuja kula leo, alikuwa safarini. Vizuri. Mke wangu aliuliza kama karatasi imekamilika. Nikasema sasa ndiyo imekamilika.

Jumatatu, 20 Mei

Mama Jaji ana macho ya mwewe kwa mwandiko mdogo.

Akamwita Shemeji, akamwekea karatasi mbele, akamuuliza kama maneno haya yote ni ya kwake. Shemeji akasoma. Akasoma tena pale kwenye "maisha". Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Alinitazama kama mtu aliyekuletea maji ukamuomba na kisima. Akasema yeye alitoa kiti kimoja.

Nikasema haraka haraka nafuta, nafuta sasa hivi, kalamu ninayo. Mama Jaji akasema karatasi iliyoongezwa baada ya mwenzako kutia saini si makubaliano tena, na wino hauna kurudi nyuma. Ikitakiwa, iandikwe nyingine. Akamgeukia Shemeji. Shemeji akasema, hapana, Mama, nadhani tuache ilivyo. Akaniambia tutaonana kazini, shemeji.

Mke wangu nilimweleza nusu. Ile nusu nyingine alikuwa nayo tayari. Hakunisema. Alikaa pembeni yangu, akanishika mkono, akasema alitamani sana kuniona nikiiegesha. Niliumia, na naandika hivyo hivyo: niliumia.

Jumatatu, 9 Septemba

Safari yangu ya kwanza na Kapteni Shemeji. Amemaliza mafunzo, wamempa pangaboi, na kati ya marubani wasaidizi wote ratiba ikaniangukia mimi. Huko angani itifaki inataka nimwite Kapteni. Nilimwita Kapteni Shemeji, akaniambia nichague moja.

Aliniachia nitue. Nikatua vizuri, Redio alisema nyuma hakuna aliyemwaga hata juisi. Kisha Shemeji akaushika ule usukani mdogo, akatupeleka mlangoni polepole, kijana wa vijiti akimwelekeza yeye, mimi nikiangalia kioo cha upande wangu. Aliegesha sawasawa. Nilitafuta kosa, sikuliona.

Wakati tunazima mitambo akanieleza mengine. Kamati mpya inatunga kanuni za likizo kwa mashirika yote mawili. Wasaidizi wanatakiwa kutoa mwakilishi. Yeye amenipendekeza mimi, maana hajaona mtu anayesoma kanuni kwa makini kama mimi, na sasa anadhani nimeshajua madhara yake. Alisema kwa moyo mweupe. Nikamshukuru. Nikamwambia nimejifunza mengi.

Nimekaa hapa mezani tangu nirudi. Mke wangu amepita mara tatu, ameuliza naandika nini. Shajara, nimemjibu. Ni kweli kwa sehemu. Anipendekeze kwa nini? Lazima ana lake. Wiki ya sikukuu za mwisho wa mwaka, bila shaka, anaitaka. Lakini nimeshamtangulia. Nina kifungu. Ni kifupi, mistari miwili, hakimtaji mtu, na mwisho wake nimeweka: "wala hakitabadilishwa na yeyote kwa sababu yoyote."